Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Msimu wa pamba unapoanza, mji wa Bariadi hubadilika sura. Magari hutoka Itilima, Meatu, Maswa na Busega yakiwa yamesheheni pamba kuelekea kwenye viwanda vya kuchambulia, na kila mwenye chombo cha kubebea mizigo hutafutwa. Katika wiki hizo gari lililolala gereji ni hasara ya watu wengi: ya mwenye gari, ya mkulima ambaye pamba yake ingali imerundikwa kwenye ghala la chama cha msingi, na ya mwanafunzi anayengoja sare na madaftari kutokana na mauzo ya pamba hiyo.

Ni katika msimu wa namna hiyo nilipokwenda kumtembelea shemeji yangu aishiye pembezoni mwa mji huo. Huko nilifundishwa na binti wa Kidato cha Tatu jambo ambalo mimi, mwalimu wa uhandisi wa chuo kikuu, nilipaswa kumfundisha yeye. Kisa chenyewe ni cha klachi ya gari. Nakileta mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa sababu naamini kinawahusu wote wanaofundisha na kujifunza sayansi katika shule zetu za sekondari.

Rai yangu naisema mapema ili msomaji aipime kadiri tunavyoendelea. Kasoro nyingi zinazotokea baada ya kutia klachi imara hazimo katika klachi hiyo. Zimo katika sehemu jirani zilizobebeshwa kazi mpya bila kutayarishwa. Kuzitafuta kasoro hizo kwa kubahatisha huwagharimu wenye magari fedha zao, na mara nyingine huwagharimu wafanyakazi heshima yao. Tena mazoea hayo ya kubahatisha hayaanzii gereji. Huanzia darasani, pale tunapofundisha kanuni bila kufundisha kupima.

Kisa cha pikapu

Shemeji yangu ana pikapu ya dizeli ambayo imekula chumvi nyingi. Klachi yake ya awali ilikuwa imekwisha, na kwa kuwa gari lile hubeba mizigo mizito, alishauriwa atie klachi imara kuliko ile ya kiwandani: yenye springi ngumu zaidi na sahani yenye vipande vya mchanganyiko wa metali. Aliambiwa kwamba akiitia hiyo atasahau habari za klachi maisha yake yote. Akauza ng'ombe wawili, akaitia.

Siku ya kwanza gari lilikwenda vizuri. Siku ya pili, ilipofika adhuhuri, gia ya kurudi nyuma ilianza kulia kama jiwe la kusagia lililoishiwa na nafaka, na gia ya kwanza ikakataa kuingia gari likiwa limesimama. Fundi alishusha giaboksi, akakagua, hakuona kasoro, akairudisha. Kesho yake asubuhi gari likajaribiwa pale gereji na kuonekana halina neno. Mchana likarudi na ugonjwa ule ule. Kwa muda wa siku tisa giaboksi ilishushwa mara tatu. Kila asubuhi gari lilikuwa zima, na kila mchana lilikuwa bovu.

Sasa tazama hitimisho lililofikiwa. Gari likiwa mikononi mwa fundi ni zima. Likiwa mikononi mwa dereva ni bovu. Kwa hiyo mbovu ni dereva. Kijana aliyeliendesha gari lile kwa miaka minne bila kugonga hata kuku akaambiwa kwamba anaiunguza klachi kwa kuegemeza mguu kwenye kanyagio. Akaachishwa kazi katikati ya msimu, wakati ambao kila dereva hutegemea kupata riziki ya mwaka.

Mimi nilifika siku mbili baadaye. Niliposimuliwa habari hiyo sikuuliza hata swali moja. Nilisema, kwa sauti ya mtu aliyepata shahada ya uzamivu ng'ambo, kwamba bila shaka sahani ya klachi imefungwa kinyumenyume. Fundi alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Mwalimu, ingekuwa imegeuzwa, gia isingeingia hata hiyo asubuhi." Alikuwa na haki, nami nikanyamaza.

Kabla sijaeleza jinsi fumbo hilo lilivyofumbuliwa, hapana budi tuikumbuke klachi yenyewe na kazi yake.

Klachi na hesabu yake

Injini haiwezi kuanza kazi ikiwa imefungamana moja kwa moja na magurudumu yaliyosimama. Lazima pawepo kitu cha kuviunganisha polepole na kuvitenganisha upesi. Nyuma ya injini lipo gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Hilo huzunguka wakati wote injini inapowaka. Mkabala wake ipo sahani ya klachi, ambayo pande zake zote mbili zimevishwa kitu chenye msuguano mkali, na katikati yake imeshikamana na shafti iingiayo katika giaboksi. Nyuma ya sahani ipo presha pleti, yenye springi zinazoibana sahani dhidi ya flaiwili. Dereva asipokanyaga, vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja.

Dereva anapokanyaga, mafuta ya breki husukumwa kutoka katika pampu ya juu, hupita katika bomba la chuma na kipande cha mpira, na kufika katika pampu ya chini ubavuni mwa giaboksi. Pampu hiyo husukuma uma, uma husukuma beringi, beringi hukandamiza springi, na sahani huachiwa huru. Msururu huo wote una kazi moja tu: kuhamisha msogeo wa mguu hadi kwenye springi. Milimita chache zikipotea njiani, sahani haiachiwi sawasawa, huendelea kuburuzwa na flaiwili, na gia hulia.

Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuipitisha bila kuteleza hupatikana kwa kuzidisha mambo manne: kizigeu cha msuguano, kani ya springi, nusukipenyo cha wastani cha eneo linalogusana, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Tuchukue mfano wa kizigeu cha 0.3, kani ya nyutoni 5,000, nusukipenyo cha mita 0.1 na nyuso 2. Jibu ni nyutoni-mita 300. Injini ikitoa nyutoni-mita 250, klachi hiyo inaimudu, na akiba inabaki. Lakini mafuta ya injini yakivuja na kuilowesha sahani, kizigeu chaweza kushuka hadi 0.1. Sasa klachi ile ile, yenye springi zile zile, hupitisha nyutoni-mita 100 tu. Injini itanguruma, gari halitakwenda, na mwenye gari ataambiwa kwamba klachi imekwisha.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini eneo la mguso halimo katika hesabu hiyo. Jibu linatokana na kazi ya Mfaransa Guillaume Amontons, aliyoitangaza mwaka 1699, na ya mwenzake Charles-Augustin de Coulomb katika karne iliyofuata: kani ya msuguano hutegemea kani inayobana, wala haitegemei ukubwa wa eneo. Kama ni hivyo, mbona magari makubwa yana klachi pana? Sababu ni mbili. Sahani pana ina nusukipenyo kirefu zaidi, na pia hueneza joto na ulikaji juu ya eneo kubwa. Swali hilo moja, likiulizwa darasani, lina faida kuliko ukurasa mzima wa kukariri.

Joto ndilo adui mkubwa wa klachi. Watu wa Bariadi wanaijua ardhi nyeusi ya mbuga, ambayo mvua ikiinyeshea hushika magurudumu kama gundi. Dereva akijaribu kulinasua gari huku klachi ikiteleza, na tuseme inapitisha nyutoni-mita 200 wakati tofauti ya mizunguko ni 1,500 kwa dakika, basi nishati inayogeuka kuwa joto ni jouli 31,000 na zaidi kwa kila sekunde. Kwa sekunde 5 tu zinapatikana jouli 157,000 hivi, zinazotosha kuchukua nusu lita ya maji kutoka nyuzi 25 hadi karibu na kuchemka. Joto hilo lote huzalishwa juu ya ngozi nyembamba ya sahani na flaiwili. Si ajabu harufu ya klachi inayoungua hutangulia kufika kijijini kabla ya gari lenyewe.

Na hapa pana jambo la kuwafurahisha watu wa mkoa wa pamba. Mwingereza Herbert Frood, ambaye hutajwa kuwa mvumbuzi wa vitambaa vya kwanza vya breki mwaka 1897, alivitengeneza kwa pamba iliyoloweshwa katika lami. Zao lile lile linalobebwa leo katika pikapu za Bariadi ndilo lililoanzisha ufundi wa vitu vya msuguano. Pamba haikustahimili joto la magari yaliyozidi kuwa mazito na ya kasi, na nafasi yake ikachukuliwa na asbesto, ambayo nayo ilikuja kuonekana kuwa hatari kwa mapafu. Hilo nitalirudia.

Klachi ni kama fyuzi

Sasa turudi kwenye klachi imara. Anayeiuza husema, na ni kweli, kwamba inashika zaidi. Ukiongeza kani ya springi katika mfano wetu kutoka nyutoni 5,000 hadi 7,000, uwezo unapanda kutoka nyutoni-mita 300 hadi 420. Lakini kani ile ile inayobana sahani ndiyo ambayo mguu wa dereva lazima uishinde. Ikiwa maumbile ya sehemu nyingine hayakubadilika, shinikizo ndani ya pampu na mpira nalo hupanda kwa karibu asilimia 40. Pampu, sili zake, mpira, uma na hata bati linaloshikilia kanyagio vilitengenezwa kwa kazi ya zamani. Hakuna aliyeviambia kwamba kazi imeongezeka.

Zaidi ya hayo, klachi ya kiwandani ina huduma nyingine ambayo wengi hawaitambui. Gari likinasa na dereva akaachia kanyagio kwa ghafula, klachi ya kawaida huteleza kidogo na kuumeza mshtuko. Inafanya kazi kama fyuzi katika saketi ya umeme. Ukiondoa fyuzi na kuweka waya mnene, taa hazitazimika tena, lakini siku ya hitilafu itakayoungua ni nyumba. Vivyo hivyo, anayetia klachi isiyoteleza kabisa asishangae siku meno ya gia au shafti ya gurudumu itakapokatika. Udhaifu haukuondoka katika gari. Umehamia mahali pengine ambapo matengenezo ni ghali zaidi.

Wale wanaotayarisha magari ya mashindano wanalijua jambo hili. Bert Shankland wa Tanzania aliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na kuyashinda tena mwaka 1967, mara zote kwa Peugeot 404, alipita katika njia ambazo hazikuwa na huruma kwa kipande chochote cha gari. Katika safari kama zile, kipande kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua gari litafika wapi. Kuimarisha kimoja na kusahau jirani zake ni kuchagua mahali pengine pa kukwama.

Rula na milimita tano

Jioni ile tuliyokaa uani kwa shemeji, binti yake aliniuliza: "Mjomba, mbona kila mtu amesema, na hakuna aliyepima?" Nilimwuliza angepima nini. Akajibu kwamba mwalimu wake wa fizikia huwaambia kwamba kitu kikibadilika kati ya asubuhi na mchana, nao lazima wapime asubuhi na mchana.

Kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi, alilala ubavuni mwa gari akiwa na rula yake ya shule. Gari lilikuwa limezuiwa magurudumu kwa mawe na injini imezimwa. Baba yake alikanyaga klachi hadi mwisho, na binti akasoma msogeo wa fimbo ndogo ya pampu ya chini: milimita 14. Alirudia mara tatu, akaandika. Kisha gari likaenda kazini, likaendeshwa na shemeji mwenyewe. Saa nane mchana lilirudi likiwa la moto, gia zinalia. Likazimwa, likazuiwa, na binti akapima tena: milimita 9.

Mguu ulikuwa ule ule na kanyagio lilishuka umbali ule ule. Milimita 5 zilikwenda wapi? Tuliangalia kikopo cha mafuta ya breki. Hayakuwa yamepungua, kwa hiyo hayakuvuja nje. Tulikanyaga mara nyingi kwa harakaharaka. Msogeo haukuongezeka, na kama pangekuwa na hewa ndani ya mafuta, kwa kawaida ungeongezeka. Hapo fundi, ambaye alikuwa amekuja kwa hiari yake na kuchuchumaa pamoja nasi, alinyosha mkono akaushika mpira wa mafuta, akaniomba nikanyage. Akatabasamu. "Njoo uushike, Mwalimu." Nilipoushika, mpira ule ulitutumka mkononi mwangu kila kanyagio liliposhuka.

Mpira huo ulikuwa na umri wa gari lenyewe. Kwa klachi ya zamani shinikizo lilikuwa dogo, na ulivumilia. Klachi imara ilipoongeza shinikizo, na joto la bomba la moshi lililo jirani lilipoulainisha kadiri siku ilivyosonga, mpira ulivimba na kuyameza mafuta yaliyopaswa kuisukuma pampu. Tulikadiria kiasi kilichomezwa: pampu ya chini ina kipenyo cha milimita 20 hivi, kwa hiyo milimita 5 za msogeo ni kama sentimita za ujazo 1.6. Hiyo ni theluthi moja ya kijiko cha chai. Kwa theluthi ya kijiko cha chai giaboksi ilishushwa mara tatu, siku tisa za msimu zikapotea, na kijana akafukuzwa kazi.

Mpira mpya uligharimu kiasi kidogo kuliko ujira wa kushusha giaboksi mara moja. Ama kuhusu kijana, shemeji alikwenda nyumbani kwao mwenyewe, mbele ya wazazi wake, akakiri kwamba alimwonea. Alirudi kazini, ingawa msimu ulikuwa umebaki ukingoni.

Maswali kabla ya spana

Simlaumu fundi yule. Alikuwa na ujuzi mkubwa wa mikono, na ndiye aliyeugusa mpira. Lililokosekana ni utaratibu wa kuuliza, nao nauweka hapa kwa ufupi kwa faida ya walimu watakaopenda kuutumia.

Swali la kwanza: je, klachi haishiki, au haiachii? Kama haishiki, injini huongeza mizunguko bila gari kuongeza mwendo, hasa katika gia ya juu na mlimani. Tazama kwanza kama kanyagio lina mchezo kidogo wa bure juu kabisa. Pasipokuwa na mchezo, huenda beringi inaendelea kukandamiza springi hata mguu ukiwa umeondolewa. Kisha tafuta dalili za mafuta yanayovuja. Kumbuka pia kwamba sahani mpya huhitaji kuzoeana na flaiwili kwa mwendo wa upole, aghalabu kilomita 500 au zaidi. Kutoka Bariadi hadi Mwigumbi ni karibu kilomita 100. Basi hizo ni safari mbili na nusu za kwenda na kurudi, bila mzigo mzito na bila papara. Anayeipakia pamba siku ya kwanza anaiunguza kabla haijashika.

Kama haiachii, gia hulia au hukataa. Pima msogeo wa pampu ya chini, baridi na moto. Ukipungua, kasoro iko kati ya mguu na pampu: hewa, sili, mpira, au bati la kanyagio linalopinda. Msogeo ukiwa kamili na bado haiachii, hapo ndipo pa kushuku ndani: sahani iliyopinda au kugeuzwa, meno ya shafti yenye kutu, au kaberingi ka katikati ya flaiwili kaliposhika. Katika hali hiyo kushusha giaboksi ni halali.

Swali la pili: je, gari hutetemeka linapoondoka? Sahani zenye vipande vya metali hushika kwa ukali na mara nyingi hutetemesha gari hata zikiwa nzima. Mnunuzi aambiwe hivyo mapema. Lakini chunguza pia kama flaiwili ilichongwa upya wakati wa kubadilisha, na kama mipira inayoishikilia injini haijachanika.

Swali la tatu: je, kuna sauti, na hubadilika vipi unapokanyaga? Sauti inayotokea unapokanyaga huelekeza kwenye beringi ya klachi. Ile inayotoweka unapokanyaga huelekeza kwenye giaboksi.

Swali la nne, ambalo watu husahau: ni nini kingine kilichoguswa siku klachi ilipobadilishwa? Waya uliobanwa, bomba lililopindwa au boliti isiyokazwa vinaweza kuzaa kasoro ambayo haina uhusiano wowote na klachi.

Katika kujibu maswali haya badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha pima tena. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja na gari likapona, hajui ni lipi lililoliponya. Na likizidi kuugua, hajui ni lipi lililoliua.

Na tahadhari ya afya, niliyoahidi kuirudia. Vumbi jeusi linalokutwa ndani ya nyumba ya klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Baadhi ya vitambaa vya zamani, na hata vingine vinavyoendelea kuuzwa duniani, vina asbesto, na nyuzi zake zikiingia mapafuni zaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Lilowesheni kwa maji na kulifuta kwa kitambaa kibichi. Somo hili liwafikie hasa vijana wanaofagia gereji.

Pendekezo kwa walimu

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule isiwe kisiwa kilichotengwa na maisha ya watu wanaoizunguka. Tangu mwaka 2024 mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika katika sekondari, ukiwa na mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba tutaichukulia mikondo hiyo kama vijiji viwili visivyosalimiana: wa amali wafunge na kufungua boliti, wa jumla wakariri kanuni za msuguano. Kisa cha Bariadi kinaonyesha kwamba gari halikupona mpaka mkono wa fundi na rula ya mwanafunzi vilipokutana chini ya gari moja.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti. La kwanza, kila mwalimu wa fizikia aombe gereji ya jirani sahani moja ya klachi iliyokwisha. Ioshwe kwa maji na sabuni nje, kwa tahadhari niliyoitaja, kisha itumike kufundishia msuguano, nusukipenyo na joto. La pili, fundi mmoja aalikwe darasani mara moja kwa muhula, aeleze kasoro moja iliyomsumbua, na wanafunzi wajaribu kumwuliza maswali ya vipimo. Fundi naye ataondoka na kitu. La tatu, wanafunzi wafundishwe kuandika daftari la kasoro lenye safu nne: dalili, hali ilimotokea, dhana, na kipimo cha kuijaribu dhana hiyo. Safu ya pili isidharauliwe. Kama daftari hilo lingekuwapo pale gereji, neno "mchana" lingeandikwa mara tatu mfululizo, na dereva asingelaumiwa.

Najua nitaambiwa kwamba mihtasari ni mirefu na mitihani iko karibu. Mimi pia nafundisha, na mzigo huo naufahamu. Lakini mwanafunzi aliyepima kitu kinachomuuma baba yake mfukoni hasahau kanuni iliyomsaidia. Nitaambiwa pia kwamba mafundi hawana muda. Yule wa Bariadi alipoteza siku tisa. Saa moja ya kupima isingemzidishia hasara.

Jambo la mwisho linanihusu mimi na wenzangu wa vyuo vikuu. Nilipotoa hukumu kuhusu ile sahani, watu walininyamazia kwa heshima ya shahada. Isingekuwa fundi kunijibu, giaboksi ingeshushwa mara ya nne kwa amri yangu. Kisomo kinachotangulia kipimo ni hatari kuliko ujinga unaouliza, kwa kuwa ujinga hauna mtu wa kuutii. Basi tuwazoeze wanafunzi wetu kumwuliza kila msemaji, awe fundi, mzazi au daktari wa falsafa, swali lile aliloniuliza mpwa wangu jioni ile uani: nani amepima?